Taa Zitazame Chini: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa na Magavana Jirani

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa waheshimiwa magavana wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Kwa wawakilishi wadi wa kaunti hizo. Na kwa wakuu wa KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), KWS (shirika la wanyamapori) na NEMA (mamlaka ya mazingira).

Assalaam aleikum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Nawaandikia kuwaomba mlinde kiza. Najua ombi hili laingia sikioni vibaya, kwa sababu miaka yote sisi wakaazi tumekuja ofisini mwenu kuomba kinyume chake: taa Kisauni, taa Likoni, taa kwenye vichochoro vya Majengo, mulika mwizi pale stendi. Sisemi taa hizo ziondolewe. Nasema zitazame chini, ziwe na rangi isiyochoma macho, na zipunguzwe saa ambazo hakuna mtu anayepita. Na kabla hatujapanda nguzo nyingine kutoka Mariakani kuelekea Voi, tukubaliane kwamba kiza kilicho juu ya nyika ile ni mali ya watu wa Pwani sawasawa na bahari.

Wengi wenu mwaipita barabara ya Nairobi usiku mkiwa na haraka ya kazi, na huenda hamjapata nafasi ya kuteremka garini. Ukishaiacha nyuma mizani ya malori pale Mariakani, miji huwa midogo na mbalimbali: Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu. Baina yao ni vichaka na mchanga mwekundu. Usiku usio na mwezi, nyota huteremka pande zote mpaka zikagusa vichaka.

Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati ambayo watu wa London hawana, wala wa Cape Town. Karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hutupitia juu ya vichwa katika mwaka mmoja. Mwezi wa Mei, mvua ikipisha, saa tatu usiku waweza kulitazama kundi la nyota la Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, kisha ukageuka tu na kuuona Msalaba wa Kusini. Julai, Nge amepanda juu na mkia wake umezama katika Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru ya nyota za galaksi yetu (kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo), upande ule ule ulipo moyo wake. Mwisho wa Desemba na Januari ni zamu ya Jabari na Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, na upande wa kusini, chini kidogo, kuna Mawingu ya Magellan: vipande viwili vyeupe ambavyo upepo hauvisogezi, kwa kuwa si mawingu, ni galaksi nyingine. Nuru ya kile kikubwa imesafiri kiasi cha miaka 160,000 kabla ya kutua machoni mwa mtu aliyesimama Maungu.

Mimi huwachukua watoto wa mtaa wetu wa Kisauni, pamoja na wazazi wao, tukaenda kwa jamaa upande huo wakati wa likizo. Ni watoto werevu wa akili, wanajua majina ya sayari zote kwa mpangilio. Lakini Njia Nyeupe hawajaiona. Mtoto akiiona mara ya kwanza huuliza kama ule ni moshi wa mkaa. Huyo ni mtoto aliyezaliwa mahali ambapo babu yake alikuwa akishinda juani na kivulini, na usiku akilala barazani, akihesabu vimondo.

Na hata huko nyikani kiza hakiko salama. Simama Taru, geuza uso mashariki, na Mombasa yaonekana: upeo wa macho umepaukwa na mwanga ambao haumsaidii mtu yeyote. Mji haukuwasha taa ili kumulika Taru. Ule ni mwanga uliopotea, uliotoka kwenye taa zisizo na kofia, kwenye kurunzi kubwa zilizoelekezwa kwenye kuta za majumba, na kwenye mabango ya matangazo yanayowaka mpaka alfajiri mbele ya barabara isiyo na gari. Kila wati inayopanda juu imelipiwa bili.

Rangi ya taa nayo ina kazi yake. Zile taa za zamani za sodiamu, za rangi ya chungwa, zinaondolewa na kuwekwa taa za LED. Hilo ni jema kwa umeme, lakini nyingi za hizi mpya ni nyeupe yenye ubuluu. Nuru ya buluu hutawanywa hewani zaidi kuliko nyekundu, na ndiyo maana mchana anga ni la buluu. Kwa hiyo taa mbili zenye nguvu sawa, moja nyeupe kali na nyingine ya rangi ya ndimu iliyoiva, haziharibu anga kwa kiasi sawa. Shirika la DarkSky International, lililoanzishwa Marekani mwaka 1988, limekuwa likipendekeza taa za nje za kelvini 3,000 au chini yake (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru: ikipungua, nuru huelekea rangi ya chungwa). Hicho ni kigezo kinachoweza kuandikwa kwenye zabuni kwa mstari mmoja.

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya dunia inayoonyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliotegemea maelfu ya watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho yao, wengi wao Ulaya na Marekani Kaskazini, ulikuta kwamba mwangaza wa anga la usiku uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 atabakiwa na kama 100 atakapofika miaka 18. Wao wameshapoteza na sasa wanahesabu hasara. Sisi bado tuna cha kulinda, mwendo wa saa mbili au tatu kwa gari kutoka Kisiwani.

Waheshimiwa, Mombasa ni mji wa falaki, elimu ya nyota na mwendo wa mbingu. Tangu zamani hapa kuna wanazuoni wanaohesabu mwezi na nyakati za swala, na wazee wetu waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, ili wajue lini pa kupanda na lini pa kutia chombo baharini. Methali tuliyosomeshwa shuleni, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ilitungwa na watu waliokuwa wakiitazama mbingu kama sisi tunavyotazama simu.

Chukueni alfajiri. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, alfajiri ni mbili. Ya kwanza, ya uongo, ni mwanga uliosimama wima upande wa mashariki, ambao wanazuoni waliufananisha na mkia wa mbwamwitu. Kisha hufuata ya kweli, inayotanda kwa mapana, na hiyo ndiyo inayoingiza swala na kumzuia mfungaji kula. Wanaastronomia wanaujua mkia ule: ni nuru ya jua inayogonga vumbi jembamba lililotapakaa baina ya sayari. Karibu na ikweta husimama wima takriban mwaka mzima, kwa hiyo sisi tuna nafasi ya kuuona kuliko watu wa nchi nyingi. Ukiwa Kisiwani leo huuoni kamwe. Mwanafunzi wa madrasa anausoma kitabuni, anaukariri, anafaulu mtihani, na hajawahi kuuona kwa macho. Ukimpeleka nje ya Maungu saa kumi usiku, kwenye nyika iliyo wazi upande wa mashariki, anauona. Kwangu mimi hili peke yake lingetosha kuwa sababu ya barua hii.

Halafu kuna bahari. Vyombo vilivyoingia Bandari ya Kale kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi viliongozwa kwa nyota. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, aliandika njia za bahari yetu hii kwa kutaja kimo cha nyota, kilichopimwa kwa upana wa vidole. Na historia haikukomea kwenye majahazi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Orodha yake ilifikia vyanzo 339, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba katika kundi la nyota la Cygnus kuna kitu ambacho wengi waliafiki kuwa ni shimo jeusi. Kazi hiyo ilianzia kwenye maji ya Pwani yetu. Leo mtoto wa Malindi au Mombasa akitaka kuonyeshwa Cygnus iko wapi, mtamsimamisha wapi?

Si wanadamu tu wanaodhurika. Kasa wachanga huanguliwa usiku, na huielekea sehemu iliyo na mwangaza zaidi. Kwenye ufuo wa asili sehemu hiyo ni bahari inayoakisi nyota na mwezi. Kwenye ufuo wenye taa za bustani na za kuta, huenda upande wa nchi kavu, na wanaopotea huko hukauka, huliwa na kunguru au hukanyagwa. Jike naye husita kupanda ufuo uliomulikwa. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa tangu 1986, tunalinda matumbawe na samaki wake, na ufuo unaopakana nayo kuanzia Nyali na Bamburi kwenda Shanzu tunaumulika usiku kucha. Taa za rangi ya kaharabu, zilizowekwa chini na kufunikwa upande wa bahari, hupunguza madhara hayo kwa kiasi kikubwa na mgeni bado anaona njia ya kurudi chumbani kwake.

Kwa ndege, mfano uko nyumbani. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakikutana kila mwaka, mwishoni mwa mwaka, kuwavisha pete ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia. Wanakutana pale kwa sababu moja: usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za loji iliyo ukingoni mwa mlima huwavuta ndege hao kutoka angani kwa makundi makubwa. Sayansi imefaidika sana, na ndege huachiliwa waendelee na safari. Lakini fikirieni maana yake. Taa za jengo moja mlimani zina nguvu ya kuwatoa njiani wasafiri waliovuka jangwa. Sasa zidisheni kwa vituo vya mafuta, maghala na stesheni zote za kutoka Mariakani hadi Mtito Andei.

Naja kwenye hoja ambayo najua mmeishika mkononi: usalama. Mama anayeshuka matatu Bombolulu saa nne usiku akitoka kibaruani hana haja na maneno yangu kuhusu Nge. Ana haja ya kuona njia na kumwona anayemfuata. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana nasema taa tunazomwekea hazimtendei haki. Taa isiyo na kofia humwaga mwanga pembeni, moja kwa moja machoni. Mboni hujibana, na kila kilicho nje ya duara la mwanga huwa cheusi tititi. Mtu mbaya husimama pale pale, nyuma ya mwangaza, anakuona na wewe humwoni. Dereva wa bodaboda anayetoka chini ya taa kali na kuingia penye kiza huendesha kwa muda akiwa kama amefumba macho. Taa iliyofunikwa juu na pembeni huutupa mwanga wote ardhini, pale anapokanyaga yule mama, na hufanya hivyo kwa balbu ndogo zaidi. Kwa hiyo mkiniuliza nachagua kipi baina ya usalama wake na nyota, nitawajibu kwamba taa iliyofungwa vizuri haitulazimishi kuchagua.

Uwezo wa kisheria mnao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti taa za barabarani, matangazo ya nje, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo kwa umma. Ibara ya 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kelele zimepewa kanuni zake chini ya sheria ya mazingira tangu 2009, na tumeona zikitumika dhidi ya vilabu vya usiku. Tunaomba mwanga unaokera nao uandikiwe kanuni, na tathmini ya mazingira ya kila mradi mkubwa ieleze taa zake zitakuwa za aina gani, zitatazama wapi, na zitazimwa saa ngapi.

Wengine walishafanya, na si matajiri peke yao. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulipitisha sheria ya kudhibiti kurunzi za angani mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza kutambuliwa kimataifa kwa kulinda anga lake la usiku. Ni mji wenye maduka, chuo kikuu na barabara kuu. Ufaransa ilitoa amri mwaka 2018, pamoja na mambo mengine ikitaka taa za madirisha ya maduka zizimwe ifikapo saa saba usiku. Afrika Kusini ina sheria ya 2007 inayolinda maeneo yanayofaa kwa unajimu wa kisayansi, na Namibia ilipata hifadhi ya anga la kiza ya NamibRand mwaka 2012, ambako wageni hulipa ili walale mahali pasipo na taa. Kinachouzwa pale ni kile kile tulicho nacho Taru bure, na tunachokaribia kukipoteza.

Kwa hivyo ninachokiomba zaidi kuliko vyote ni pahala pa kusimama. Mpenda nyota akitoka Mombasa usiku leo ana njia mbili: aegeshe kando ya lami huku malori yakimpita kwa kishindo, jambo la hatari kabisa, au asimame kituo cha mafuta chini ya taa zinazomziba macho. Ndani ya Tsavo milango hufungwa jioni, na nje yake tembo huvuka wanapotaka. KeNHA na serikali za Taita Taveta na Kwale zinaweza kutenga sehemu chache mbali na lami, kwa mfano baina ya Mackinnon Road na Maungu, kwenye ranchi na hifadhi za jamii za upande wa barabara ya Taveta, na kwenye barabara ya Kinango kwa wanaopita Kwale. Pawe na ua, mlinzi, choo, maji, na taa nyekundu ndogo za chini zisizoharibu macho yaliyozoea kiza. Vijana wa Sagalla na Maungu wafundishwe makundi ya nyota, wapewe darubini moja nzuri, wawatoze wasafiri kiingilio. Desemba, familia zinapomiminika kutoka bara kuja kuogelea, nyakati hizo hizo kuna vimondo vya Jeminidi, vinavyofikia kilele usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Wasafiri hao wapo njiani tayari. Hawana pa kusimama.

Mjini, Mheshimiwa Gavana wa Mombasa, anza na pahala pamoja. Ufuo wa Nyali hadi Shanzu ungefaa kwa ajili ya kasa. Au Mama Ngina, ambapo watu hukusanyika kuutazama mwezi mwandamo: usiku mmoja usio na mwezi, zizimwe taa za mapambo kwa saa moja, polisi wakiwepo, walimu wa falaki wakiwepo, watoto wakiwepo. Watu wajionee tofauti kwa macho yao kabla ya kuulizwa wanaionaje.

Mpango wa maendeleo wa kaunti tulio nao unaishia 2027, na unaofuata utaandikwa karibuni. Tunaomba taa za nje ziwe na kifungu chake humo: kofia, rangi, saa za kupunguza, na mabango. Tunaomba pia mkutano mmoja wa magavana wanne pamoja na KeNHA, KWS na NEMA, ulio wazi kwa umma, kabla ya kandarasi nyingine ya nguzo za taa kutiwa saini kwenye barabara kuu kati ya Mariakani na Voi. Sisi tuko tayari kuja na vipimo, picha na wazee wanaojua miongo. Kilichobaki ni kutupa tarehe na ukumbi, na iwapo mtapenda mkutano ufanyike usiku, pale pale nyikani, tutapanga usafiri wenyewe.

Wenu kwa heshima na taadhima,

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa